Mwanahawa Amekwambia Kweli

Zuhura mwanangu,

Jembe nimelikuta nyuma ya pipa la maji, limefunikwa gunia. Nimelirudisha kwenye mzigo wako, na safari hii nimelifunga kwa fundo la bibi yako, lile ambalo hata yeye mwenyewe akilifunga huishia kulikata kwa kisu. Kwa hiyo usijisumbue. Chuo kimesema kila mwanachuo aje na jembe, panga na ndoo. Unakwenda chuo cha kilimo, huendi harusini.

Haya ningekwambia kwa mdomo, lakini tangu wiki iliyopita nikifungua wangu wewe unafunga wako. "Zuhura, umeshapanga nguo?" "Mm." "Una nini?" "Sina kitu." Mtu hana kitu na uso umeumuka kama andazi! Nimechoka, mwanangu. Mdogo wako anaota meno na hataki kushuka mapajani, madaftari ya darasa la tano yamejaa meza nzima, kesho asubuhi gari lako linaondoka, na wewe unapita humu ndani kama mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba. Basi nimeona niandike. Utaisoma garini, na garini hakuna chumba cha kuingia ukabamiza mlango.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutoazima nguo za watu, bibi yako amekwambia mpaka umezikariri. Mimi nataka tuzungumze habari ya Mwanahawa.

Ndiyo, najua. Uliacha kusema na mimi siku ile niliyokutuma sokoni Kibiti kununua sanduku la bati. Ulipita pale anapouzia mbegu za bamia na salfa ya mikorosho, akakuuliza safari ya wapi, ukamwambia. Naye akakujibu: "Kilimo? Mama yako ndiye aliyenipeleka mimi huko huko. Muulize ile kazi aliyoniahidi iko wapi." Wewe badala ya kuniuliza, ukaenda kuficha jembe.

Amekwambia kweli. Nilimwahidi. Na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka mitano na shughuli yako kubwa ilikuwa kula karanga zangu.

Unajua nilikuzaa nikiwa mdogo kuliko ulivyo leo. Cheti changu ni cha darasa la saba, na chuo cha ualimu kiliponipokea nacho sikuamini, nikaenda nikiwa nimekufunga ubeleko kabla hawajabadili mawazo. Ulipofika umri wa kutembea na kuuliza maswali, wakanipeleka Delta, kule mto unakoingia baharini, kufanya mazoezi ya kufundisha. Jina la shule siliandiki, watu wake bado wapo. Ilikuwa upande wa Mbuchi, kwenye mikoko, unaingia kwa mtumbwi na unatoka kwa mtumbwi. Nyumbani bibi yako alikuwa mgonjwa mwaka ule, sikuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo nikawa mwalimu mwanafunzi mwenye mtoto kwenye dawati la nyuma.

Aliyekuwa ananisimamia pale alikuwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea, mrefu, anayeogopa maji kuliko anavyoogopa mamba walio ndani yake, na serikali ilimpeleka huko huko kwenye maji. Akanipa darasa la sita, somo la kilimo, mada ya kazi zinazotokana na kilimo. Nikaandika andalio la somo zuri, mwandiko wa kulala: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutaja kazi tano na kueleza heshima ya kila moja. Zana za kufundishia nilibeba mahindi, mpunga na karanga kwenye kikapu. Karanga ndizo hizo nilizokwambia.

Mpunga ulikuwa unashika maziwa. Wewe umekulia huku Kibiti hukuyaona sana, lakini kule wakati huo kijiji kinahama. Watu wanafunga nyumba, wanakwenda kukaa bondeni kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kuamia ndege wasile mpunga kutwa nzima, na usiku nguruwe. Na anayeamia ni mtoto, kwa sababu mtoto ana sauti na hana mgongo wa kuuma. Kwa hiyo darasa langu lilikuwa nusu, na hiyo nusu ilikuwa inasinzia.

Nikaandika ubaoni: bwana shamba, bibi shamba, karani wa ghala la ushirika, dereva wa trekta, mpima korosho. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, wallahi, mwenyewe nilijisikia. Halafu nikageuka nikauliza, "Nani hapa anataka kuwa mkulima?"

Mkono mmoja tu ukanyooshwa, wa kwako, ukaomba kwenda kukojoa.

Ndipo akaingia Mwanahawa. Msichana mrefu, ananuka moshi, miguu ina tope mpaka magotini, ametoka dunguni moja kwa moja. Akasimama mlangoni, akasoma ubao, akasikia nimerudia lile swali. Akasema, "Mwalimu, ukulima hautakwi. Mtu ukifeli tu, ukiamka asubuhi, mkulima huyo."

Darasa likafa kwa kicheko. Waliokuwa wamelala wakaamka. Mwenzake mmoja akadakia, "Hata usipofeli! We chelewa tu, utalima!"

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mtoto anayerudi kutoka chooni bila nguo, nina msimamizi ameketi nyuma na kalamu. Damu ikanipanda. Nikasema kile nilichosikia walimu wote wa pale wanasema, kile nilichoambiwa mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi: "Umechelewa, na sasa unanivurugia kipindi. Chukua jembe. Matuta manne, shamba la shule."

Majembe yalikaa kwenye kona ya darasa, chini ya ubao wangu, chini ya maneno yangu. Akachukua moja. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mwalimu, haya matuta ni ile kazi ya heshima, au ni adhabu?"

Hakuuliza kwa ufedhuli, Zuhura. Angeuliza kwa ufedhuli ningepona. Aliuliza kama mtu anayetaka kuandika jibu.

Nilimwambia nenda. Mwalimu Komba alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, nikadhani amenisikitikia. Kumbe anacheka. Kipindi kilipokwisha akaniita.

"Mwalimu Salma."

"Naam."

"Matuta manne?"

"Ndivyo mnavyofanya hapa."

"Ndivyo tunavyofanya. Lakini sisi hatufanyi katikati ya somo la heshima ya kilimo, mama. Tunangoja kengele."

Kesho yake Mwanahawa hakuja. Wala siku zilizofuata. Nikakubeba mgongoni nikaenda kumtafuta bondeni, na usidhani nilikwenda kwa huruma. Mkufunzi wangu kutoka chuoni alikuwa anakuja kunikagua, na katika darasa lile la kusinzia mtu pekee aliyekuwa anajibu maswali ni yule niliyemfukuza kwa jembe. Nilikwenda kujiokoa.

Mama yake alikuwa juu ya dungu, ana kombeo mkononi. Nikapiga hodi toka chini. "Panda," akasema, "lakini hapa hatuketi bure, ndege hawangoji salamu ziishe." Akanipa debe na kijiti. Basi nikawa napiga debe na kupiga kelele, na wewe ukifurahi ukapiga kelele kutushinda sote, na mazungumzo tukayafanya katikati ya makelele.

"Mwalimu, mwanangu kalimishwa."

"Alichelewa."

"Hooo! Swaga wale kule! Alichelewa kwa sababu alikuwa hapa."

"Najua."

"Ulijua ukamlimisha?" Akarusha jiwe, kundi zima likainuka kama shuka. "Sikiliza. Mimi shule simkatazi. Lakini kama ni kulima, kulima anako huku huku. Na huku akilima, anakula."

Mwanangu, nimekaa chuoni, nimesoma na watu wa dini, nimesikiliza wanasiasa wa kila aina. Sijapata kusikia hoja iliyonifunga mdomo vile. Hakuna jibu lake. Mwenye akili angenyamaza, akashuka, akaenda zake. Mimi nilikuwa nataka kufaulu. Nikafungua mdomo nikasema, na Mwanahawa ameketi pale anasikia:

"Huyu ana akili. Mrudishe, asome, atakuwa bibi shamba. Serikali itampa kazi. Itampa baiskeli, itampa nyumba. Hatashika jembe tena, atawaonyesha wenzake tu."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Akarudi. Mkufunzi akaja, Mwanahawa akajibu kila swali, akataja kazi zote tano na heshima zake. Nikapata alama nzuri. Mkufunzi aliandika kwamba ninajua kuhamasisha. Kuhamasisha!

Halafu zikaja zile enzi za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Wewe unazikumbuka kwa mitumba na sabuni za kunukia kurudi dukani, na mimi pia nilifurahi, sitasema uongo. Lakini ule ubao wangu ulifutika mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari. Ushirika ukafa, karani wa ghala akaenda kuuza samaki. Trekta la kijiji likakaa juu ya magogo mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Wapima korosho wakawa ni wafanyabiashara wanaokuja na mizani yao wenyewe. Mabwana shamba wakapunguzwa kazi. Kila mwaka nilifundisha mada ile ile, kitabu ni kile kile, na nikifika kwenye neno bibi shamba nakohoa.

Mwanahawa akasoma. Akafika mpaka chuo hicho hicho cha bara unachokwenda wewe. Alipomaliza alikuja hapa nyumbani na cheti ndani ya mfuko wa nailoni, nikampikia, tukacheka. Akaenda ofisi ya wilaya. Wakamwambia asubiri barua. Akasubiri. Akarudi, wakamwambia asubiri. Siku moja akaja hapa, akakataa kuketi. Akasimama mlangoni vile vile kama siku ile ya darasani.

"Mwalimu, ile baiskeli iko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani, tumezoeana. Hakuwa anatania. Akaniangalia mpaka kicheko changu kikaisha chenyewe, akaondoka. Kuahidi nilikosea, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa na hofu. Kucheka nilikuwa mtu mzima.

Na usifikiri nilijifunza. Wewe ni shahidi. Ni nani aliyekuwa anakaa nawe kwenye taa ya chemli, ukikosea hesabu anakwambia, "Haya endelea kuchezea, utakuja kushika jembe kama bibi yako"? Mwalimu wa kilimo! Na bibi yako ameketi pale pale anapepeta mchele, anatusikia. Kuna siku aliinua ungo akauliza, "Na huu mnaokula umetoka wapi, kwenye chaki?" Tukacheka sote, nikadhani limeisha. Leo nakuona unaficha jembe nyuma ya pipa, nimekasirika, halafu najiuliza nimkasirikie nani.

Sasa. Baada ya kulikuta hilo jembe nilifunga safari mchana huu huu kwenda sokoni. Nilikwenda kugombana. Nikamkuta Mwanahawa amechuchumaa chini, ile mashine yake ya kupulizia mikorosho ameifungua vipande vipande juu ya mkeka, mikono ya manjano kwa salfa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemwambia nini mwanangu?"

"Kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba ajira hakuna. Au ipo? Kama ipo nitajie na mimi nikaombe." Watu wa pembeni wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ulimwambia asiende?"

"Sikumwambia asiende. Nilimwambia akuulize."

"Aniulize nini?"

"Unampeleka kwenye nini."

Nilikuwa nimebeba maneno mengi njiani, makali, nimeyapanga. Nikakaa juu ya ndoo yake. Hapo hapo akaja mzee mmoja wa kutoka vijiji vya juu, kwenye mikorosho, ameshika tawi la mkorosho lililopauka, anadai salfa aliyouziwa ni mbovu. Mwanahawa akalipokea tawi, akalinusa, akamuuliza amepuliza saa ngapi. Mzee akasema mchana, baada ya kupumzika.

"Mchana! Umande umeshakauka, upepo unavuma, salfa yako yote imekwenda kwa jirani. Nenda kamdai jirani, mzee wangu, mikorosho yake sasa hivi inakushukuru."

Mzee akacheka bila kupenda, akabaki pale pale anauliza mengine. Nikangoja mpaka akaondoka. Nikamuuliza Mwanahawa lile nililokuwa naliogopa.

"Siku ile dunguni, ningekwambia mambo yatakavyokuwa, ungebaki?"

Akapuliza plagi ya mashine, akaiangalia kwenye mwanga.

"Ningekwenda."

"Basi unanilaumu nini?"

"Nilikwenda chuo kujifunza kungoja, Mwalimu. Mashine walitufundisha, sikuzisikiliza. Hesabu za biashara, nikalala. Nilikuwa nawaza baiskeli. Halafu nikarudi nikakaa miaka nangoja barua, kwa sababu mwalimu wangu aliniahidi, na mwalimu wangu hasemi uongo. Ile miaka ya kungoja ndiyo ninayokudai. Chuo sikudai."

Sikuwa na cha kumlipa. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nishikie hapa," nikamshikia tangi huku anakaza skrubu. Hakusema amenisamehe. Nimerudi na manjano kwenye khanga.

Kwa hiyo Zuhura, ulitakiwa kuniuliza, hukuniuliza, nakujibu hivyo hivyo. Nakupeleka kwenye nini? Sijui. Kwa mwalimu neno hilo ni gumu kulitoa kuliko jino, lakini ndilo nililonalo. Baiskeli haipo. Nyumba haipo. Barua ya ajira usiingoje, na atakayekuja darasani kwenu akawaambia ipo, mwangalie vizuri, huenda na yeye anakaguliwa. Utamaliza, utapewa cheti, na siku utakayorudi nacho hapa sitajua nikwambie uende ofisi gani.

Utaniuliza sasa kwa nini nakung'ang'aniza. Kwanza, umechaguliwa, na sioni kingine. Ni jibu baya, nakubali. Shoga yako anayeuza vitenge stendi anapata pesa zaidi yangu mimi mwenye miaka yangu yote ya chaki, na ukitaka kumfuata nitakuelewa, nitakasirika lakini nitakuelewa.

La pili ni hili. Mwaka ule funza walipoingia kwenye mahindi ya bibi yako, sisi wote tulikaa ukumbini tunalalamika. Wewe ulikuwa umechuchumaa shambani, unapasua bua moja baada ya jingine kutazama wanaingilia wapi. Nilikuita ule, nikakuita tena, hukusikia. Ulipokuja ulikuwa na funza mzima kwenye kiganja, unatuonyesha, bibi yako anapiga yowe, "Toa uchafu huo kwenye chakula!" Na wewe unasema, "Lakini bibi, mtazame kwanza." Sijui kama hiyo ni ajira. Hakuna aliyekutuma, hakuna aliyekuadhibu, hakuna aliyekuahidi kitu. Sijapata kukuona unalifanyia jambo jingine lolote hivyo, na nimekuangalia tangu umezaliwa.

Iko siku watakupeleka mazoezini, watakusimamisha mbele ya watu wenye shughuli zao, na nyuma ameketi mtu na kalamu. Utataka sana kufaulu. Mtu atakuuliza swali ambalo huna jibu lake. Nyamaza, mwanangu. Aibu ya kunyamaza inaisha siku ile ile.

Mdogo wako amelala sasa, mkono umekufa ganzi, na bado madaftari. Nimalize.

Nenda muhula mmoja. Huo si wa kubishana, mimi bado ni mama yako. Sikiliza mashine, usilale kwenye hesabu. Muhula ukiisha na moyo umekataa, njoo, uniambie usoni, sitakurudisha, nitakwenda mwenyewe kukuombea nafasi kwa shoga yako wa vitenge. Utasema ni pagumu, utasema hupapendi, utasema umeona lililo bora, yote nitayasikiliza. Ila moja hutaweza kulisema, wala leo wala siku utakayokuwa umezeeka kunishinda: kwamba mama yako alikudanganya.

Mimi mama yako,
Salma